Majarida ya Zamani Yaliyo Ndani ya Kompyuta: Kikundi cha Kijijini Kitayafikiaje?



Ni mara ngapi mgeni amesimama mbele ya kikundi chenu akasema, "Utafiti umeonyesha"? Utafiti umeonyesha kuwa mtama huu unastahimili ukame. Utafiti umeonyesha kuwa mbuzi wa aina ile wana maziwa mengi. Watu wanapiga makofi, chai inanywewa, mgeni anapanda gari na kurudi mjini. Ni wachache wanaouliza: Utafiti gani huo? Ulifanywa katika shamba la nani? Umeandikwa wapi, na sisi tukitaka kuusoma wenyewe tutaupata wapi?

Somo letu safari hii ni kuhusu mahali utafiti huo unapowekwa. Ni mambo ya maktaba na kompyuta, na najua yuko atakayesema hayo ni ya wanafunzi wa chuo kikuu. Basi avumilie kidogo. Udongo uliopimwa, mbegu zilizojaribiwa na miti ya dawa iliyoandikwa humo ni vya mashamba na misitu ya kwetu. Wasomaji wake wengi wako mbali na sisi.

JARIDA LA KITAALUMA NI KITU GANI?

Gazeti la kila siku hutupa habari za jana. Jarida la kitaaluma hutoka polepole, pengine mara mbili au mara nne kwa mwaka, na ndani yake mtafiti anaeleza kazi yake hatua kwa hatua: shamba lilikuwa wapi, mvua ilinyesha kiasi gani, alipanda nini kando ya nini, na alivuna magunia mangapi. Kabla ya kuchapishwa, makala yake husomwa na wataalamu wengine wa kazi hiyo, nao wana ruhusa ya kuyakataa au kumwambia arudi akapime tena. Hapo ndipo jarida linapotofautiana na matangazo ya muuza mbegu.

Kazi hii ni ya zamani. Jarida la Philosophical Transactions lilianza London mwaka 1665 na linatoka mpaka leo. Hapa kwetu, wapenzi wa ndege, wadudu na mimea waliunda chama cha East Africa Natural History Society mwaka 1909, na mwaka uliofuata wakaanza jarida lao. Mwaka 1935 likaanza East African Agricultural Journal, ambalo baadaye liliongezewa misitu katika jina lake. Humo mna habari za udongo, mbegu, malisho na magonjwa ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanganyika.

Matoleo ya mwaka mzima yalishonwa pamoja, yakawekwa jalada gumu na kupangwa kwenye rafu. Ukiwahi kuingia katika maktaba ya chuo, utakuwa umeyaona kule nyuma, yamejaa vumbi. Kwa kawaida hayaazimwi. Aliyetaka kuyasoma alifunga safari, akaketi pale, akanakili kwa mkono.

KARATASI YA ZAMANI INAPOKUWA SHAHIDI

Kwa nini tuhangaike na vumbi hilo? Hebu tusikie habari ya manjano, ile ya kutia kwenye pilau.

Mwezi wa Machi 1995 ofisi ya serikali ya Marekani ilitoa hati ya kumiliki ugunduzi, yaani hataza, juu ya kutumia unga wa manjano kuponya vidonda. Hati hiyo ilitokana na kazi ya watafiti wawili wa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi. Sasa, huko India hakuna nyanya asiyejua kumpaka mjukuu wake manjano kwenye kidonda. Wahindi walishangaa. Lakini katika mambo ya hataza, kusema tu kwamba "sisi tumefanya hivi tangu enzi za mababu" hakukutosha. Ilitakiwa ionyeshwe mahali jambo hilo lilipoandikwa na kuchapishwa kabla ya tarehe ya ombi.

Baraza la utafiti wa kisayansi la India, CSIR, likapeleka pingamizi mwaka 1996 pamoja na maandishi 32. Mengine yalikuwa na zaidi ya miaka 100, ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi. Mojawapo lilikuwa makala yaliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa India. Mwezi wa Agosti 1997 hataza hiyo ikafutwa. Baada ya hapo India ilianza mwaka 2001 kujenga hifadhi yake ya kompyuta ya maarifa ya jadi, ili mpimaji wa maombi ya hataza aweze kutafuta humo kabla hajapiga muhuri.

Mnaona neno lililopo hapo? Makala ambayo pengine hayakuguswa na mtu kwa miaka 40 yalikuwa sehemu ya ushahidi uliookoa mali ya watu wengi. Hapa Kenya tunayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, nayo inazipa kaunti kazi ya kuweka daftari la maarifa hayo. Kikundi kinachotaka mti wake wa dawa au ususi wake uandikwe katika daftari kitakuwa na nguvu zaidi kikijua ni wapi ulishawahi kuandikwa, na nani, na mwaka gani.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Mwaka 1937 ofisa mmoja wa kilimo, Colin Maher, aliandika ripoti juu ya mmomonyoko wa udongo katika Ukambani, na miaka hiyo hiyo zilipigwa picha za milima ya Machakos ikiwa imekwanguliwa na mvua kama kichwa kilichonyolewa. Wakubwa wa wakati ule waliona nchi hiyo inaelekea kufa. Miaka ya 1930 watu wa Machakos walikuwa kama 240,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa milioni 1.4. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichukua ripoti na picha hizo za zamani, wakalinganisha na hali ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakakuta matuta na miti mahali palipokuwa uchi. Kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Matuta yale yalichimbwa na wenyeji, wengi wao wakiwa katika vikundi vya mwethya. Zile zilikuwa ripoti na picha, si makala ya jarida, lakini fundisho ni lile lile: bila karatasi za 1937, nani angeamini kazi ya wale akina mama na majembe yao ilivyokuwa kubwa?

RAFU ZILIPOJAA

Sasa tuje kwenye kompyuta. Watu hudhani mambo haya yalianza kwa kupenda mitambo. Wapi! Yalianza kwa kukosa nafasi.

Mwishoni mwa mwaka 1993, chuo cha Denison katika jimbo la Ohio, Marekani, kilikuwa na maktaba iliyojaa. Wakuu walitaka kuongeza jengo, na gharama ilikuwa mamilioni ya dola. Katika baraza la chuo hicho alikuwamo William Bowen, aliyekuwa pia mkuu wa shirika la misaada la Andrew W. Mellon. Bowen aliwaza hivi: majarida haya ya zamani yanayotujazia rafu ndiyo hayo hayo yanayojaza rafu za maktaba nyingine zote. Kila chuo kinajenga ghala la kuweka gunia lile lile. Je, hatuwezi kuwa na ghala moja, kila mtu akachota?

Ndipo ikazaliwa hifadhi iitwayo JSTOR. Walianza na majarida 10 tu, ya historia na uchumi, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Michigan upande wa kompyuta. Mwaka 1995 JSTOR ikasajiliwa kuwa shirika lisilo la faida, na mwaka 1997 maktaba zikaanza kujiunga rasmi. Leo ina majarida zaidi ya 2,000, kuanzia toleo la kwanza kabisa la kila jarida pale linapopatikana.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Mtu anakusanya matoleo yote, anahesabu kurasa moja moja kuona kama kuna iliyong'olewa, kisha kila ukurasa unapigwa picha kwa mashine. Picha hiyo ndiyo utakayoiona kwenye kioo, pamoja na madoa na michoro yake kama ilivyochapwa. Halafu programu ya kompyuta inapita juu ya picha na kujaribu kutambua herufi, ili maneno yaweze kutafutwa. Nasema kujaribu, kwa sababu wino ukiwa umefifia mashine inakosea. Inaweza kuona "r" na "n" zilizokaribiana ikasoma "m". Majina ya Kiafrika ndiyo yanayoumia zaidi, kwani mashine nyingi zilifundishwa Kiingereza. Kwa hiyo ukitafuta jina la kijiji chenu usilipate, usiseme halimo. Tafuta kwa jina la mlima, la mto, au la zao.

Kuna na jambo jingine la kuelewa. Wachapishaji waliogopa kwamba majarida yakiingia kwenye hifadhi, hakuna atakayenunua matoleo mapya. Wakakubaliana kuweka ukuta unaosonga. Kwa kawaida hifadhi inaishia miaka 3 hadi 5 nyuma ya leo, na kila mwaka mpya unapoingia, ukuta nao unasonga mbele mwaka mmoja. Ndiyo sababu makala ya mwaka 1965 mara nyingi yapo pale na ya mwaka jana hayapo.

UFUNGUO UKO KWA NANI?

Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1997 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha makala ya watafiti wa ICIPE na wenzao wa Rothamsted kuhusu nyasi ya molasi. Walionyesha kwamba ikipandwa katikati ya mahindi, inapunguza viwavi wanaotoboa shina, na pia inawavutia nyigu wadogo wanaowaua viwavi hao. Kazi hiyo ni mojawapo ya mizizi ya kilimo cha "sukuma-vuta" ambacho wakulima wengi wa Nyanza na Magharibi wanakijua. Mashamba yalikuwa ya kwetu, kando ya ziwa na kwingineko. Makala yakaenda kukaa London.

Hata jarida letu la kilimo la Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya matoleo yake tangu miaka ya 1960 iko katika hifadhi ya Taylor & Francis, kampuni ya uchapishaji ya Uingereza. Katika hifadhi nyingi za wachapishaji kama hizo, mtu asiye na maktaba iliyolipa huambiwa anunue, na bei ya makala moja mara nyingi hufika dola 30 na zaidi. Hizo ni shilingi ngapi? Ni michango ya mwezi mzima ya kikundi kidogo, kwa karatasi 8 ambazo pengine hazitawafaa.

Kuweka kurasa hizo kuna gharama, hilo lazima tulikubali. Mitambo inataka umeme, watu wanataka mishahara. Lakini kwa maoni yangu, mkulima ambaye babu yake ndiye aliyeshika kamba ya kupima shamba la majaribio hastahili kusimama mlangoni akiombwa dola. Habari njema ni kwamba milango ya pembeni iko, na mingine iko wazi kabisa.

Mlango wa kwanza ni maktaba iliyo karibu nanyi. Vyuo vikuu na maktaba nyingine za Kenya ziliungana mwaka 2003 katika muungano uitwao KLISC. Unafanya kazi kama chama cha kuchangiana: kila maktaba inatoa sehemu yake, wananunua ruhusa kwa pamoja, bei inashuka. Chuo kikiwa mwanachama, majarida yanasomeka kwenye kompyuta zake bila msomaji kulipa. Watu wa nje mara nyingi hawaruhusiwi kuyafungua wakiwa nyumbani, lakini maktaba nyingi humkubali mgeni aliyekuja na barua na kitambulisho, aketi pale asome. Maktaba za umma za Kenya nazo zina wakutubi waliofundishwa kazi hii. Baada ya ugatuzi, matawi mengi yako chini ya kaunti, kwa hiyo mkiona tawi lenu halina intaneti, mnajua mwakilishi wa wadi wa kumwuliza. Wale wa Garissa walioanza kuletewa vitabu kwa ngamia mwaka 1996 wanajua kuwa maktaba ikitaka kumfikia mtu, itamfikia.

Mlango wa pili uko kwenye simu ya kijana wenu. JSTOR yenyewe humruhusu mtu yeyote kujiandikisha bure na kusoma makala hadi 100 kwa mwezi kwenye kioo, ingawa si kila jarida limo katika mpango huo. Kusoma tu, si kuchukua nakala. Makala yao ya zamani sana, karibu nusu milioni, yalifunguliwa kwa wote mwaka 2011 bila hata kujiandikisha. Kwa vyuo vya Afrika, shirika hilo kwa miaka mingi limekuwa likisamehe au kupunguza ada.

Kisha iko hifadhi ya African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na sasa ina makao Afrika Kusini. Hii ni ya majarida yanayochapishwa barani kwetu, na mengi yanafunguka bure. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, lina hifadhi yake ya ripoti na makala. Kwa mimea, ndege na wadudu, iko Biodiversity Heritage Library, ambayo ni bure kabisa. Na mtu akiwa amekwama kabisa, amwandikie mwandishi mwenyewe kwa barua pepe. Watafiti wengi hufurahi kusikia kuwa mkulima anataka kusoma kazi yao, na humtumia nakala bila kudai senti.

Vyuo vya kilimo na hospitali za kufundishia hupata pia mipango ya Umoja wa Mataifa: HINARI ya afya iliyoanza 2002, na AGORA ya kilimo iliyoanza 2003. Hiyo hutolewa kwa taasisi. Ofisa wa kilimo au muuguzi wa kituo chenu anaweza kuulizia kama mwajiri wake amejiandikisha. Wengi hawajui kuwa wanayo ruhusa hiyo.

TAFUTA KWA MAJINA YA WAKATI ULE

Tuseme kikundi chenu cha akina mama kinataka kujua mambo ya mgagani, ile mboga ambayo Wakalenjin huita saget. Mkiandika "mgagani" kwenye kisanduku cha kutafutia, mtapata kidogo sana. Wataalamu huita mimea kwa majina ya Kilatini, na majina hayo hubadilika. Mboga hii utaikuta kwa jina la Cleome gynandra, na katika maandishi mengine Gynandropsis gynandra. Tafuta kwa yote mawili. Jina la Kilatini ofisa wa kilimo atawapa, au mwalimu wa bayolojia wa sekondari.

Majina ya mahali yamebadilika pia. Anayetafuta habari za Murang'a za mwaka 1940 aandike Fort Hall. Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, Webuye ilikuwa Broderick Falls, Ziwa Turkana lilikuwa Rudolf, na nchi za kando ya Ziwa Victoria upande wetu zilikuwa zikiitwa Kavirondo. Hapa wazee wa kikundi wana kazi kubwa kuliko vijana. Kijana anajua kubonyeza, mzee ndiye anayejua shamba la mzungu fulani liliitwaje. Waketi pamoja.

Vipimo navyo vinadanganya. Makala ya zamani hupima mavuno kwa ratili kwa ekari. Ratili moja ni karibu gramu 450, na gunia la mahindi la wakati ule la ratili 200 ni karibu kilo 90. Kabla hamjashangilia mavuno ya babu, geuzeni hesabu kwanza.

KUSOMA KWA TAHADHARI

Kitu kuandikwa zamani na mtaalamu hakukifanyi kuwa kweli leo. Hili tulitilie mkazo.

La kwanza ni dawa. Katika makala ya miaka ya 1950 na 1960 utakuta watu wakishauriwa kunyunyiza DDT, aldrin na dieldrin kama vile wanashauriwa kunyunyiza maji. Baadaye ilijulikana kuwa sumu hizi zinakaa kwenye udongo na miilini kwa miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizipiga vita duniani kote. Ukikuta jina la dawa katika makala ya zamani, usiende nalo kwa duka la pembejeo. Nenda nalo kwanza kwa ofisa wa kilimo.

La pili ni hali ya hewa na mbegu. Tarehe za kupanda zilizoandikwa mwaka 1955 zilifuata mvua za 1955. Mbegu iliyosifiwa pengine haiko tena. Kinachobaki na thamani ni namna ya kufanya jaribio: vipande viwili vya shamba, kimoja hivi na kingine vile, na kuandika kila kitu. Hilo kikundi kinaweza kulirudia chenyewe kwa msimu mmoja.

La tatu ni lugha. Waandishi wengi wa wakati wa ukoloni waliwataja wakulima wetu kwa dharau. Wanaandika jina la ng'ombe wa kizungu aliyeletwa kwa meli, na mtu aliyemchunga hana jina, ni "wenyeji" tu. Inachoma moyo kuyasoma. Lakini msiitupe karatasi kwa hasira. Mara nyingi katikati ya dharau hiyo mwandishi ameeleza vizuri sana jinsi wenyeji walivyohifadhi mbegu kwenye majivu au walivyogawana maji ya mfereji, naye hakutambua kwamba ameandika elimu.

JE, HIFADHI ITADUMU?

Mzee mmoja anaweza kuuliza: kompyuta ikiharibika? Ni swali la haki. Karatasi nayo haina usalama. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka mlimani uliteketeza jengo la maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na pamoja nalo sehemu kubwa ya vitabu na majarida yaliyokusanywa kwa miaka mingi kuhusu Afrika. Yaliyokuwa yameshapigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta yalibaki.

Na vyombo vya kompyuta huzeeka upesi. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza maktaba ya kilimo iliyoitwa TEEAL, ambapo majarida zaidi ya 100 yaliwekwa kwenye diski na kupelekwa vyuo vya nchi zetu visivyo na intaneti. Ilisaidia wengi. Leo kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuingiza diski ile. Kwa sababu hiyo wakutubi wa Stanford walianzisha mwaka huo huo wa 1999 mpango wa LOCKSS, wa kuweka nakala nyingi katika maktaba nyingi mbalimbali, nazo kompyuta zinakaguana zenyewe. Mama aliyewagawia majirani watano mbegu yake ya kunde anaijua kanuni hiyo bila kuambiwa: ya kwake ikiliwa na fukufuku, atamwendea jirani.

JSTOR pia huweka vitabu vya karatasi vyenyewe ghalani, hata baada ya kuvipiga picha.

MTAFITI AKIJA KIJIJINI

Haya yote yanarudi kwenye kikao chenu. Mtafiti akija kuuliza maswali, mwenyekiti amwombe leseni yake ya NACOSTI. Kisha katibu aandike katika kumbukumbu: jina lake, chuo chake, swali analolitafuta, na jarida analokusudia kuchapisha. Amwombe aahidi mbele ya wanachama kuleta nakala ya makala yakitoka, na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Wengi watakubali. Asiyetaka kuahidi hata hilo, mna haki ya kufikiri mara mbili kabla ya kumpa asubuhi yenu nzima.

Na kwa makala yaliyokwisha kuchapishwa, katibu anaweza kumwandikia mkutubi barua fupi namna hii:

"Kwa Mkutubi Mkuu. Sisi ni kikundi cha kujisaidia cha wanachama 24, tumesajiliwa, na tunalima mboga za kienyeji. Tunatafuta makala ya majarida yaliyochapishwa kati ya mwaka 1935 na 1980 kuhusu mgagani (Cleome gynandra, au Gynandropsis) katika Kenya na Uganda, hasa upandaji na uhifadhi wa mbegu. Tunaomba kujua: je, maktaba yako inayo majarida hayo kwa karatasi au kwa kompyuta? Wanachama wetu wawili wanaweza kuja siku gani wasome wakiwa hapo? Kuna ada yoyote ya mgeni au ya kutoa nakala? Wataleta vitambulisho na barua ya chifu. Wako, Katibu."

Wakati wa kwenda, tumeni watu wawili, mmoja anayesoma Kiingereza vizuri na mmoja anayeijua mboga yenyewe. Wachukue daftari, na juu ya kila ukurasa wanaonakili waandike jina la jarida, mwaka, nambari ya toleo na ukurasa, ili atakayetaka kuhakikisha baadaye asianze upya.

Kwa mazungumzo ya kikundi mwezi huu: Ni utafiti gani mnaokumbuka uliofanywa katika lokesheni yenu, na nani kati ya wazee aliushuhudia? Kuna yeyote aliyewahi kuona matokeo yake? Na maktaba iliyo karibu nanyi iko wapi, nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi ngapi, nani ataenda?